"Ni C iliyovalishwa kanzu": dhana potofu kuhusu lugha zinazopitia C

Ukitaja Nim, lugha ya programu, kwa vijana wanaojifunza programu hapa Kigoma, hukosi mmoja wa kukukatisha: "Hiyo si lugha, ni C iliyovalishwa kanzu."

Ni kweli Nim huugeuza msimbo wako kuwa C, lugha kongwe ya programu, kisha kompaila (programu ya kutafsiri msimbo) kama GCC au Clang huipeleka hiyo C kwenye lugha ya mashine. Ila hilo haliipunguzii hadhi. C++ yenyewe ilianza hivyo: Cfront, kompaila ya Bjarne Stroustrup kule Bell Labs miaka ya 1980, ilikuwa ikitoa C. Kukagua aina za data, kupanua makro (vifupisho vya msimbo), kuamua kumbukumbu iachiwe lini, yote hayo Nim huyamaliza yenyewe kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa C.

Wengine husema hatua mbili zitaifanya programu kuwa nzito. Hapana. Kinachoongezeka ni muda wa kuijenga, si wa kuiendesha. Mwishoni unapata lugha ya mashine tupu.

Dhana inayoponza watu zaidi ni hii: C inakwenda popote, basi C iliyozalishwa nayo itakwenda popote. Chukua kifaa cha kupima joto kwenye vichanja vya dagaa pale Kibirizi, kinachoendeshwa na Arduino Uno, bodi ndogo ya kompyuta, na sekunde zake zinahesabiwa kwa int, aina ya namba nzima katika C. Kwenye laptopu int huwa na biti 32. Kwenye Uno ni 16, kikomo 32,767. Kiwashe saa kumi na mbili asubuhi dagaa wanapoanikwa. Saa tisa na dakika sita alasiri hesabu inafurika, jua bado kali. Kiwango cha C kinadai int iwe na angalau biti 16 tu, na int ikifurika, hakisemi nini kitokee. Nayo long ina biti 64 kwenye Linux ya biti 64, lakini 32 kwenye Windows ya biti 64.

Ndiyo maana mwandishi wa kompaila anayeijua kazi yake haandiki int ovyo. Hutumia int32_t na wenzake waliokuja na C99, toleo la C la mwaka 1999, na ukaguzi wa kufurika huuweka mwenyewe. Hata f(a(), b()), yaani kuita f kwa majibu ya a na b, huivunja vipande, kwa sababu C haisemi kati ya a na b nani aanze. Lugha iliyoahidi kuanza kushoto inabidi itunze ahadi yake kwa vigeu vya muda.

Pamoja na hayo yote, C ya Nim huzalishwa kwa prosesa na mfumo endeshi mahususi. Ile ya laptopu ya biti 64 ukiipeleka kwenye bodi yenye prosesa ya ARM ya biti 32, haijengeki: faili la nimbase.h hukagua ukubwa wa pointa (anwani ya kumbukumbu) na kugoma. Unatakiwa useme mapema, --cpu:arm --os:linux pamoja na --compileOnly, ndipo uhamishe folda. Kwangu mimi huo mgomo ni uungwana. Afadhali ikatae mezani kuliko kudanganya kichanjani.

Na kuhusu kulazimika kusoma C yenye majina ya ajabu ajabu kila hitilafu inapotokea: jenga kwa --debugger:native, na maelekezo ya #line yataifanya GDB, programu ya kusaka hitilafu, ikuonyeshe mistari yako ya Nim. Ukiwa na hamu ya kuiona C yenyewe, --nimcache inakuwezesha kuchagua folda ya kuiweka.