Umenunua CPU iliyotoka ofisini? Usianze na kupiga Windows

Wateja wangu wengi wakishanunua hizi Dell OptiPlex na HP EliteDesk za mtumba pale Kariakoo wanakuja na ombi moja tu, fundi nipigie Windows mpya nikawape watoto. Windows naipiga ndio, ila naiweka mwisho, kwasababu mashine iliyokaa ofisini inakuja na setingi za ofisi kwenye BIOS, yaani ile programu ndogo inayoamsha mashine kabla ya Windows, na BIOS haikai kwenye diski, inakaa kwenye mazabodi, kwahiyo hata ufomati mara kumi zile setingi ziko palepale.

Ukiwa bado dukani na hela iko mfukoni, washa mashine ubonyeze F2 kama ni Dell au F10 kama ni HP. Ikidai pasiwedi mwambie muuzaji aitoe kwanza ndo ulipe. OptiPlex nyingi za mezani zina jampa, yaani kiplagi kidogo cha kuchomoa, ya kufuta pasiwedi kwenye mazabodi, imeandikwa PSWD, ila kwa laptop za ofisini usikubali maneno ya "utachomoa betri itafutika", mara nyingi haifutiki.

Ukishaingia humo ndani tulia usome. Kwenye Dell kuna Auto On, hii ofisi nyingi wanaiwasha ili mashine ziamke zenyewe usiku zipige apdeti, sasa nyumbani mtu anashtuka saa tisa usiku CPU inaunguruma sebuleni anadhani imeharibika. Kuna AC Recovery, yaani mashine ifanye nini umeme ukirudi, hii nakuomba uiweke Power Off, maana umeme wetu ukikatika na kurudi, ule wa kurudi ndo mbaya, na mashine iliyowekwa Power On inajiwasha hapohapo ikaupokea wote. Angalia pia pota za USB kama hazijafungwa, ofisi wanazifunga watu wasichomeke fleshi, na mpangilio wa kuwaka kama hauanzi na mtandao, ndo unakuta mashine inakaa inatafuta seva ambayo haipo. Halafu SATA, yaani setingi ya namna mashine inavyoongea na diski, Dell nyingi zinakuja zimewekwa RAID On, ibadilishe iwe AHCI sasa hivi kabla hujapiga kitu, kwasababu ukibadilisha baada ya kupiga Windows inaweza ikagoma kuwaka kabisa.

Kuna kitu kingine wauzaji wengi hawakwambii. Mashine zingine bado zimesajiliwa kwenye mfumo wa kampuni, yaani unapiga Windows 11 Pro vizuri, ukiunganisha intaneti tu linatokea jina la kampuni na inadai emaili ya kazini. Kubadilisha diski hakusaidii kwasababu usajili umeshika hadiwea yenyewe, na wa kuutoa ni kampuni iliyousajili. Kwahiyo dukani mwambie muuzaji aanze kupiga Windows upya, halafu uipe intaneti ya simu yako, kwa waya wa USB kama mashine haina Wi-Fi, uone.

Kuhusu Windows yenyewe, andika slmgr /xpr kwenye CMD, lile dirisha jeusi la kuandika amri. Ikikuletea tarehe ya kuisha ujue ni leseni ya ofisi, ile inahitaji kuonana na seva ya ofisi ndani ya siku 180, nyumbani itakufa tu. Na Windows 10 ilimaliza muda wake tarehe 14 Oktoba 2025, wakati Windows 11 inataka TPM 2.0, ambayo ni chipu ya usalama, na prosesa ya Intel ya jeni (toleo) ya 8 kwenda juu. Soma namba, i5-3470 ni jeni ya 3, i5-4590 ya 4, i5-8500 ya 8. OptiPlex 7010 ya 2012 na 9020 hazifiki, na mimi hizo naziwekea Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, bila kusita, mtoto anaandika homuweki, anaangalia masomo YouTube, na mashine inakua nyepesi kuliko ilivyokua na Windows.

Ndani ya keisi usipige vumbi tu. Toa feni ya prosesa, ile pesti ya kupitisha joto iliyopo juu ya prosesa utaikuta imekauka kama chokaa, ifute na spiriti upake mpya, kidogo tu katikati. Badilisha betri ya CR2032, ile ndogo ya duara kwenye mazabodi, maana ikifa saa inarudi nyuma na tovuti zinagoma kufunguka, mtu analaumu bando. Weka SSD, ile diski ya kasi, hata ya 240GB na RAM ifike 8GB, hapo ndo hela yako itaonekana. Nyingi hazina Wi-Fi wala HDMI, zina DisplayPort na VGA, kwahiyo adapta weka kwenye bajeti.

Diski iliyokuja nayo naiangalia na CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, ikisoma Caution siitumii. Ikiwa nzima, kabla sijaiweka ya muvi naipitisha amri ya clean all kwenye diskpart ya Windows, inaandika sifuri diski nzima, na masaa yanaenda. Humo huwa mna mishahara na nakala za vitambulisho vya watu, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwahiyo mafaili yale sifungui hata moja, na fundi akikwambia kwick fomati inatosha mkatalie, ile haifuti mafaili yenyewe, mtu mwenye programu ya kurudisha mafaili anaweza kuyapata mengi.