Jiwe, mazuku na Descartes: dhana potofu kuhusu kuthibitisha ulimwengu wa nje

Mwanafunzi wa Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, anayefika kwa Descartes, mwanafalsafa Mfaransa wa karne ya 17, katika somo la falsafa hutoka darasani na swali zito: tunaweza kuthibitisha kwamba kuna ulimwengu nje ya fikra zetu? Swali lenyewe ni zuri. Linaloliharibu ni majibu ya haraka haraka, ya wanaolidharau na ya wanaolishabikia.

Dhana potofu: Descartes alifundisha kwamba dunia haipo

Kitabu chake cha tafakuri sita kilichapishwa mwaka 1641. Shaka kubwa imo katika tafakuri ya kwanza: huenda ninaota, huenda kuna pepo mwerevu anayenidanganya katika kila kitu. Wengi husoma hapo, pengine na ya pili, kisha hufunga kitabu. Katika ya sita Descartes anahitimisha kwamba vitu vipo kweli, kwa kuwa Mungu si mdanganyifu na asingetupa mwelekeo mkubwa wa kuviamini bila njia ya kugundua kosa.

Hoja hiyo ina ufa, na uligunduliwa mapema. Antoine Arnauld, ambaye pingamizi zake zilichapishwa pamoja na kitabu chenyewe, aliuliza: kama tunamhitaji Mungu ili tuyaamini mawazo yaliyo wazi, na tunayahitaji mawazo yaliyo wazi ili tumthibitishe Mungu, tunaanzia wapi? Anayetaka kumkosoa Descartes aanzie kwenye mzunguko huo.

Dhana potofu: ukilipiga jiwe teke, mjadala umekwisha

Mwandishi Samuel Johnson alifanya hivyo mwaka 1763 huko Harwich, Uingereza, akidhani amemjibu mwanafalsafa Askofu Berkeley. Goma, ambako mawe meusi ya volkano yamejaa hadi vichochoroni, jaribio hilo ni rahisi kulirudia, na linashindwa vilevile. Berkeley, katika kitabu chake cha 1710, hakukana ugumu wa jiwe, uzito wake wala maumivu ya kidole. Alichokana ni maada iliyopo bila akili yoyote kuitambua. Teke linaongeza hisia moja tu juu ya zile ulizokuwa nazo.

Mazuku yanatoa mtihani mgumu zaidi. Ni hewa ukaa inayotoka ardhini na kutuama mabondeni, hasa upande wa magharibi wa Goma kuelekea Sake, kwa sababu ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa takriban mara moja na nusu. Haina rangi wala harufu. Ikizidi asilimia 10, mtu anaweza kupoteza fahamu kwa dakika chache. Mbuzi hufa, mwali wa moto huzimika, kipimo huonyesha namba, na vyote vitatu vinakubaliana juu ya kitu ambacho hakuna aliyekiona. (Moto kuendelea kuwaka si dalili ya usalama: hewa inaweza kuwa tayari inadhuru. Usiinamishe kichwa bondeni kujaribu.)

Hapo anayesema "kilichopo ni kile ninachokihisi mimi tu" anabanwa vibaya. Lakini tuwe waaminifu. Berkeley angejibu kwamba Mungu anayatambua mazuku wakati sisi hatuyatambui. Na mwenye shaka ya ndoto angesema kwamba mbuzi, moto na kipimo vyote vimo ndotoni. Ushahidi wa mazuku unaonyesha kwamba ulimwengu wa nje ndio maelezo bora ya mambo tunayoyapata. Hilo ni jambo kubwa, ila si uthibitisho usioachia nafasi.

Dhana potofu: kisichothibitishwa hakijulikani

Hapa ndipo penye kiini, kwa hiyo tuipange hoja ya mwenye shaka hatua kwa hatua.

1. Kama ninajua kwamba jiwe liko mbele yangu, basi ninajua kwamba siko ndotoni.
2. Sijui kwamba siko ndotoni.
3. Basi sijui kwamba jiwe liko mbele yangu.

Hatua zinafuatana sawasawa. Kosa la kwanza la wasomaji ni kuruka kutoka ya tatu hadi "jiwe halipo". Hoja haisemi hivyo popote. Inahusu kujua kwetu, haihusu jiwe.

Anayetaka kuipinga lazima aseme anakataa kauli ipi. Mwanafalsafa Fred Dretske, mwaka 1970, alitoa sababu za kukataa ya kwanza: unaweza kujua jambo bila kujua kila linalofuatana nalo. Mwanafalsafa G. E. Moore aliikabili hoja nzima kwa njia nyingine. Katika mhadhara wake wa 1939 aliinua mkono mmoja, kisha wa pili, akasema kwamba vitu vya nje vimethibitishwa. Wengi huona hilo kama mzaha, nalo si mzaha. Aliweka masharti matatu ya uthibitisho mzuri: kauli za kuanzia zitofautiane na hitimisho, zijulikane, na hitimisho lifuate kutoka kwazo. Alikiri kwamba hawezi kuthibitisha kuwa huu ni mkono, akasisitiza kwamba anajua hivyo hata hivyo. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo sentensi muhimu kuliko zote katika mjadala huu. Uthibitisho wowote huanzia mahali ambapo penyewe hapajathibitishwa. Anayedai kila kitu kithibitishwe kwanza hatajua hata hesabu.

Dhana potofu: sayansi ya ubongo imeonyesha kwamba ulimwengu umo kichwani tu

Hoja hii inajikata yenyewe. Ubongo, mishipa na mwanga unaoingia jichoni vilijulikana kwa kuviangalia na kuvipima. Kama macho na vipimo havigusi chochote cha nje, basi hatujui kwamba kuna ubongo.

Toleo lenye nguvu zaidi ni la ubongo uliowekwa chomboni na kulishwa hisia za uongo. Mwanafalsafa Hilary Putnam alilijibu mwaka 1981: kiumbe aliyeishi hivyo tangu mwanzo hajawahi kugusana na chombo wala ubongo halisi, hivyo maneno yake hayawezi kuvitaja, na sentensi "mimi ni ubongo chomboni" ikitoka kwake haiwi kweli. Jibu hilo lina mpaka. Halimhusu mtu ambaye ubongo wake ulitolewa jana usiku, kwa sababu maneno yake tayari yalishapata maana yake nje ya chombo.