Si kivuli kinachoua maua chini ya mwembe

Unguja na Pemba utasikia watu wakisema: chini ya mwembe ua halichanui, kivuli kimelinyima jua. Kwa zinia na bangi-mwitu (ua la marigold) ni kweli, zinataka jua kwa muda usiopungua saa 6 kwa siku. Kivulini hurefuka, hulala, na zinia hupata ukungu mweupe kwenye majani. Lakini balsamu, torenia na begonia huchanua vizuri kwa jua la asubuhi la muda wa saa 3 au 4 tu. Jua la alasiri ndilo linalozinyausha.

Mara nyingi mkosaji ni mizizi. Chimba kiganja kimoja tu chini ya mwembe utaona vijizizi vyembamba vimesukana kama jamvi: hivyo ndivyo vinavyokunywa maji yako. Usikate mizizi minene, mti utaumia. Inua tuta la sentimita 20, uchanganye udongo na debe moja la samadi iliyooza kwa kila mita ya mraba. Kwenye ardhi ya mawemawe ongeza mboji ya majani. Tuta lisiguse shina la mti, gome litaoza. Panda kwa nafasi ya sentimita 25.

Mwagilia asubuhi, shinani, si juu ya majani. Kwanza tia kidole: udongo ukiwa mbichi, ngoja, maana kivulini hukauka polepole na shina huoza. Urea uiache kabisa. Utapata majani ya kijani kibichi ya kupendeza, na ua hulioni. Ikiwa baada ya miezi michache mizizi ya mwembe imepanda tutani, hamishia maua kwenye vyungu.