Filamu ya wasifu: kueleza sifa za mtu, au kumsifu?

Filamu ya wasifu ni filamu inayosimulia maisha ya mtu aliyeishi kweli, huku yeye na wenzake wakiigizwa na watu wengine. Haifanani na filamu ya hali halisi, yenye mahojiano na picha za zamani. Hapa kuna mavazi, waigizaji na maneno yaliyotungwa kuziba mapengo ambayo hakuna aliyeyaandika. Si tawasifu pia, maana msimulizi si mwenye maisha. Shaaban Robert alituachia mifano ya yote mawili vitabuni: habari za Siti binti Saad aliziandika kama wasifu, maisha yake mwenyewe yakawa tawasifu.

Neno lenyewe lina mtego. Wasifu na sifa ni ndugu, na sifa kwa Kiswahili ni mambo mawili: jinsi mtu alivyo, na kutukuzwa kwake. Ukiniuliza sifa za jirani nitakutajia na uchoyo wake. Ukiniambia nimsifu, uchoyo siutaji. Filamu za waanzilishi wa biashara hujikwaa hapo hapo. Alianza hana kitu, akadharauliwa, akavumilia, akatajirika, basi. Waliosukumwa kando hawaonekani.

Ndiyo maana naithamini The Founder, ya mwaka 2016, iliyoongozwa na John Lee Hancock. Inaanza na uso wa Michael Keaton umejaa kioo chote, akituuzia mashine ya kuchanganyia milksheki. Huyo ni Ray Kroc, mchuuzi wa Marekani ambaye mwaka 1954, akiwa na miaka 52, alikwenda San Bernardino, California, kuona mgahawa gani huo unaohitaji mashine nyingi hivyo. Aliwakuta ndugu wawili, Dick na Mac McDonald, wenye mgahawa wa McDonald's.

Kuna kipande ambacho nikikiona sichoki. Ndugu hao wanachora jiko lao kwa chaki kwenye uwanja wa tenisi, kwa vipimo vyake kamili, kisha wafanyakazi wanaigiza kazi humo: huyu anageuza nyama isiyokuwepo, yule anapaka haradali hewani, wanagongana, michoro inafutwa, wanaanza upya. Jambo hilo lilitokea kweli. Kutokana nalo walipata utaratibu walioufungua mwaka 1948, hambaga kwa senti 15, bila wahudumu wa kuwapelekea wateja chakula kwenye magari yao. Kwangu mimi, hapo ndipo biashara ile ilipozaliwa, na Kroc hakuwepo.

Hata hivyo filamu haimwonei. Akina McDonald walikwisha kuwauzia wengine ruhusa ya kutumia jina lao kabla yake, na kuwasimamia kukawashinda. Kroc alifungua mgahawa wake Des Plaines, Illinois, tarehe 15 Aprili 1955, akawa mkali kwa usafi na ubora kila alikopeleka jina hilo. Kisha Harry Sonneborn, mtaalamu wa fedha, akamfumbua macho kuwa utajiri uko kwenye ardhi: kampuni ishike viwanja, waendeshaji wa migahawa walipe kodi. Mwaka 1961 akawanunua ndugu wale kwa dola milioni 2.7. Mgahawa wao wa kwanza ulibaki mikononi mwao, lakini jina hapana, na jina lilikuwa la baba yao. Kroc akafungua mwingine karibu nao, na wao wakafunga. Ule wa Des Plaines ukahesabiwa namba moja, naye akaitwa mwanzilishi.

Mtazamaji wa filamu ya wasifu anapaswa kuuliza mambo mawili: hadithi imeanzia wapi, na ushahidi wa nani umeaminiwa. Kroc aliishi tangu 1902 hadi 1984, ila filamu imeshika hasa miaka 7 hivi. Ingeanzia ujanani mwake na kuishia na utajiri, tungempigia makofi.

Na lipo lile la kupeana mkono. Katika filamu, Kroc anawaahidi ndugu hao fungu la mapato la daima, anakataa liandikwe, na fedha haziji kamwe. Kwenye mkataba halimo. Habari hizo zimetoka upande wa akina McDonald. Kroc alikwisha kusimulia maisha yake katika tawasifu ya mwaka 1977. Hancock na mwandishi wake, Robert Siegel, walichagua kuwaamini wale ndugu, na sisi tukaonyeshwa ahadi ile kana kwamba kamera ilikuwamo chumbani.