"Vilevile" peke yake haiunganishi kitu

Jumamosi nimekutana na mzazi sokoni Mwanjelwa. Hata salamu hazijaisha: "Mwalimu, mbona kijana kapata 6 kati ya 15, na viunganishi vyote kaweka?"

Hiyo ndiyo dhana inayonimalizia kalamu nyekundu kila muhula: kwamba insha hupata mtiririko kwa kupachikwa "aidha", "vilevile" na "halikadhalika" mwanzoni mwa kila aya. Swali lilihusu kukauka kwa Mto Ruaha Mkuu, ambao hupita kwenye kinamasi cha Ihefu, bondeni Usangu, kabla ya kuingia Hifadhi ya Ruaha. Kijana kaandika hivi:

"Mto hukauka kwa sababu ya kilimo. Vilevile viboko wanateseka. Aidha, Ihefu imepungua. Halikadhalika kuna mpunga."

Kila sentensi ni kweli, ila zimekaa kama abiria wa daladala: wamebanana na hawajuani. Mpunga umekuja mwisho wakati ndio chanzo, na viboko wameanza kuteseka kabla hatujajua maji yameenda wapi. "Vilevile" humwambia msomaji kwamba jambo jingine la aina ileile linaongezwa. Mateso ya viboko ni matokeo ya kilimo, si sababu ya pili ya mto kukauka.

Sasa soma hii:

"Kiangazi, maji ya mito ya Usangu huchepushwa kwenda kwenye mashamba ya mpunga. Yanayobaki hayatoshi kuijaza Ihefu. Ihefu ikishuka, maji hayatoki tena pale Ng'iriama, mlango wake wa kutokea, na huko chini hifadhini viboko hugombea vidimbwi."

Hakuna "aidha" hata moja. Kila sentensi imeshika mkia wa iliyotangulia: maji, Ihefu, Ihefu, maji. Ndiyo maana nawaambia, na wananicheka, wasome kwa sauti na kila nukta wajiulize "ikawaje?" Sentensi isiyojibu imekaa pasipo pake.

Wanaosema msamiati mzito huongeza alama, hapana. "Taathira" uliyoikosea matumizi ni kosa, basi. Insha ndefu? Ukiombwa maneno 250 ukaandika 400, umeshindwa kuchagua. Methali ya kufungulia nimeichoka, hasa ile ya haba na haba kwenye insha ya ajali za barabarani. Na kuandika vidokezo vya kupangia insha hakupotezi muda. Ni dakika 5, na ndizo zingemwonyesha kijana kwamba mpunga unaanza.

Nimempa karatasi aandike upya. Kaniomba "aidha" moja tu. Nimemkubalia, akinionyesha inaongeza nini.