Je, wajua kwa nini foleni inachosha wakati umekaa tu?

Umebahatika kupata siti ya dirishani kwenye daladala ya Makumbusho–Tegeta, jijini Dar es Salaam. Mkoba uko mapajani, huna kazi ila kusubiri. Lakini ukishuka Tegeta Nyuki usiku miguu ni mizito, kichwa kinagonga, na mtoto akikuuliza swali moja tu unamjibu kwa ukali. Umechoshwa na nini?

Wewe ulikaa, ila mwili wako ulikuwa kazini. Ukiona taa nyekundu za magari zimejipanga kuanzia Mwenge mpaka Lugalo, ubongo huipokea hali hiyo kama hatari. Tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, kisha kotisoli, kemikali zinazouamsha mwili. Mapigo ya moyo huongezeka, ini hutoa sukari kwenye damu, shingo na taya hukaza. Mwaka 1915 Walter Cannon, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, alieleza kwamba hivi ndivyo mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia. Akitokea mnyama mkali, maandalizi hayo yana kazi. Kwenye foleni hakuna wa kupigana naye wala pa kukimbilia, basi unashuka nayo mwilini.

Sasa mbona safari ya basi hadi Morogoro, ambayo ni ndefu zaidi, mara nyingi haikuachi na hasira ile? Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Wamarekani David Glass na Jerome Singer waliwasikilizisha watu kelele kali huku wakifanya kazi, kisha wakawapa mafumbo, mengine yasiyo na jibu. Waliosikia kelele za kushtukiza, zisizo na mpangilio, walikata tamaa mapema kuliko wale ambao kelele zao zilikuja kwa vipindi vinavyojulikana. Wengine walionyeshwa kitufe cha kuzima kelele, wakaombwa wasikibonyeze ila wakishindwa kabisa. Wengi hawakukigusa. Walisikia kelele zilezile, lakini walivumilia mafumbo kwa muda mrefu zaidi. Kujua tu kwamba njia ya kutoka ipo kuliwapunguzia mzigo.

Foleni yetu haina kitufe. Leo dakika arobaini, kesho saa mbili, na konda mwenyewe hajui. Hata abiria wa mwendokasi, wenye njia yao tangu 2016, hukutana na uchovu huohuo kituoni Kimara asubuhi, pale wasipojua basi lijalo litafika saa ngapi.

Ndiyo maana siupendi kabisa ushauri wa "jifunze uvumilivu". Unamlaumu mtu kwa kitu ambacho mwili wake unakifanya bila kumuuliza. Afadhali ujitengenezee kitufe chako. Amua kabla hujapanda: barabara ikifunga mpaka Afrikana, nitashuka nitembee. Huenda usishuke, lakini umeshaamua. Na ukitembea, hata kituo kimoja tu cha mwisho, misuli inaitumia ile sukari iliyoandaliwa.

Jaribu pia hili ukiwa umebanwa hapohapo kwenye siti. Weka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, vuta pumzi, kisha itoe taratibu sana. Huenda ukasikia mapigo yakipungua kasi pumzi inapotoka, kwa sababu neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni, huushika moyo breki wakati huo. Endelea kwa dakika chache.

Uchovu wa foleni kwa kawaida hupungua ukilala vizuri. Lakini kama Jumapili nzima umepumzika na bado hujisikii, usingizi umekata, chakula hakina ladha, na hali hiyo imefikisha wiki mbili, usiisingizie barabara. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, uwaeleze hivyohivyo ulivyo. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina wataalamu wa afya ya akili, na kituo kinaweza kukuandikia rufaa.