Injini ya Subaru imegonga beringi: kuisuka upya nyumbani hapa Mikindani

Wadau wa magari wa huku kusini, nimeulizwa sana kuhusu ile Impreza WRX niliyoishusha injini hapa nyumbani, kwaiyo leo naandika kwa kirefu. Kitu ninachokiamini baada ya miaka ya gereji ni hiki: ukibadilisha beringi (yale maganda laini yanayoshika shingo za krenki) tu bila kujua oili ilikosekana wapi, itagonga tena, na safari hiyo inaondoka na krenki, ile shafti kubwa inayozungushwa na pistoni.

Mlio wenyewe mnaujua, tok tok tok ya chini chini, injini ikiwa baridi hausikiki vizuri, oili ikishapata moto ikawa nyepesi unatoka wazi, hasa ukipandisha mpaka kama mizunguko 2,500 kwa dakika alafu ukaachia mafuta taratibu. Chomoa koili ya plagi moja moja, silinda ambayo ukiizima mlio unapungua ndiyo yenye ugonjwa, maana konrodi yake (mkono unaounganisha pistoni na krenki) haisukumwi tena na moto. Kwangu ilikuwa namba 3. Alafu zima, usiendelee kusikiliza.

Kabla ya kushusha chochote nikakata filta ya oili kwa mkasi wa bati, sio msumeno, msumeno unaacha chembe zake mwenyewe na zinakuchanganya. Nikaitandaza ile karatasi ya ndani juani, kwenye mikunjo yote kuna vumbi linang'aa rangi ya shaba, nikapitisha sumaku, halinasi. Chembe za krenki zingenasa. Hizi zilikuwa ganda la beringi, na shaba ikishaonekana ujue ule utando laini wa juu umekwisha, imebaki ya ndani.

Sasa EJ20, ndiyo injini ya WRX hii, sio kama injini nyingi za Toyota ambazo ukishusha sampo (bakuli la oili la chini) unaziona kepu za konrodi unabadilisha beringi ukiwa umelala chini ya gari. Hii imelala, silinda mbili kulia mbili kushoto, bloku ni vipande viwili vimeibana krenki katikati, kwaiyo lazima injini itoke yote, hedi zitoke, alafu kuna vifuniko kwenye bloku unavifungua, unazungusha krenki mpaka pini ya pistoni ije sawa na tundu, unatoa klipu kwa koleo refu, unavuta pini, ndio bloku inaachana. Injini ina zaidi ya kilo 100, mimi cheni bloku nilifunga kwenye fremu ya bomba za chuma. Naomba sana msininginize injini kwenye tawi la mkorosho, lile linakatika ghafla.

Mkosaji nilimkuta kwenye sampo. Bomba la kunyonyea oili lina kiungo kimechomelewa, na hizi EJ zinajulikana kwa kupasuka hapo hapo. Kwa macho huoni kitu. Niliziba upande mmoja nikajaza mafuta ya taa, baada ya muda likaanza kutoa jasho pale penye kiungo. Basi hiyo ndiyo sababu, pampu ilikuwa inavuta oili na hewa pamoja, na oili yenye hewa haibebi mzigo. Krenki ikizunguka haitakiwi kugusa beringi, inaelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele, utando ukikatika chuma kinakula chuma. Na usitegemee ile taa ya oili kwenye dashibodi, inawaka presha ikiwa imeshakaribia sifuri. Weka geji ya presha ya oili.

Shingo ya konrodi kwenye krenki hii ni milimita 52. Pima kwa maikromita pande kadhaa, sio mara moja, kwa sababu ikigongwa inakuwa yai na upande mmoja utakudanganya. Nafasi ya oili, mafundi tunahesabu elfu moja ya inchi kwa kila inchi ya kipenyo, kwa 52 inakuja kama 0.05 ya milimita, kiwandani wanabana zaidi ya hapo kidogo. Yangu ilikuwa na mikwaruzo inayokamata kucha, kwaiyo krenki ikapanda basi kwenda Dar kuchongwa, ikarudi andasaizi ya 0.25, yaani shingo imepungua milimita 0.25 na inataka beringi nene zaidi. Beringi nunua baada ya kuchonga, sio kabla, na mwambie fundi wa mashine asile ile kona ya mviringo pembeni ya shingo, akiiacha kali krenki inakatikia hapo. Konrodi iliyogeuka bluu kwa moto usiirudishe kabisa.

Na sisi wa pwani tuna la kwetu, chumvi. Krenki iliyotoka kuchongwa ukiiacha wazi usiku huku karibu na bahari asubuhi ina kutu. Ikifika ipake oili, funga na nailoni. Kufunga injini nilifanyia ndani, sakafu nimeimwagia maji, maana mchanga mmoja tu chini ya ganda la beringi umeharibu kazi yote.

Usafi ndio nusu ya kazi hii. Zile chembe za shaba zimezunguka injini nzima. Matundu ya oili kwenye krenki na bloku pitisha brashi, mafuta ya taa na upepo wa kompresa mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Bolti inayopeleka oili kwenye turbo mara nyingi ina chujio dogo ndani, wengi hawalijui, limeziba turbo nayo inakufa. Kipoza oili mimi sioshi, natupa, kwa sababu vijia vyake huwezi kuvimaliza. Bomba la kunyonyea nikaweka lililoimarishwa.

Kufunga: Plastigauge (uzi laini wa plastiki unaobanwa ndani kupima nafasi ya oili) kwenye kila beringi hata kama ulishapima, bolti mpya za konrodi, toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), na namba za kukaza fuata kitabu cha injini yako, sio za jirani. Kabla ya kuwasha chomoa koili na injekta, piga stata kwa vipande vifupi mpaka geji ipande. Ikiwaka, oili na filta za mwanzo zimwage mapema. Mimi niliipeleka taratibu barabara ya Mingoyo, nikibadilisha mwendo, bila kuita turbo, na kila nikijaza mafuta nachomoa stiki ya oili, maana hizi EJ zinakunywa oili, na kwenye kona ndefu ikiwa imepungua lile bomba linabaki juu ya oili linanyonya hewa hata kama ni jipya.